Mtoto Anapolegea Ghafla kwa Homa: Ugonjwa wa Kurithi Ambao Si Laana

Maandishi ya mazungumzo ya afisa wa afya ya watoto wa kaunti na wakazi wa Lodwar na Kakuma

  

Mara nyingi tukikutana hapa tunazungumza juu ya malaria, utapiamlo, chanjo na maji safi. Hayo bado ndiyo mambo makubwa ya kaunti yetu. Leo naomba tuzungumze juu ya ugonjwa ambao huwapata watoto wachache, lakini ukiingia katika nyumba moja unaweza kurudi kwa mtoto wa pili na wa tatu. Nyumba kama hiyo huanza kusemwa vibaya. Mama huanza kulaumiwa. Wengine hupeleka mbuzi kwa emuron ili aangalie ni nani aliyefanya ubaya. Nataka tukitoka hapa tujue kwamba ugonjwa wa aina hii upo, una sababu inayojulikana, na mtoto anaweza kuokolewa kama tutawahi.

Dalili zake zinavyokuja

Mtoto anazaliwa salama. Ananyonya vizuri, anacheka, anaongezeka uzito. Huenda kichwa chake ni kikubwa kidogo kuliko cha wenzake wa umri mmoja, lakini watu wa nyumbani hawaoni jambo la kuogopa. Anafika miezi minane au tisa, ameanza kukaa mwenyewe. Kisha anashikwa na homa, au kuhara, au kutapika. Kwa siku moja au mbili anakataa kunyonya na kula. Ghafla analegea. Shingo haishiki tena. Wakati mwingine anapata degedege.

Homa inaisha, lakini mtoto harudi kuwa yule wa zamani. Alikuwa anakaa, sasa hawezi. Mikono na miguu inakaza na kujipinda bila yeye kutaka. Kumeza kunakuwa shida. Akili yake mara nyingi inabaki nzuri; anakusikia, anakufahamu, lakini mwili haumtii.

Hapa kwetu mtoto wa namna hiyo hutibiwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Hiyo ni sahihi, kwa sababu mara nyingi huwa ndiyo kweli, na matibabu hayo hayapaswi kuchelewa. Lakini kwa watoto wachache, homa ilikuwa imewasha moto mwingine uliokuwa tayari ndani ya mwili. Moto huo ndio nataka kuueleza.

Kazi ya kimeng'enya kimoja

Tunapokula nyama, maziwa, damu, samaki au maharagwe, tunapata protini. Tumboni protini hukatwakatwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Viko vya aina 20, na mwili huvitumia kujenga misuli, damu na ngozi. Vinavyobaki huvunjwa zaidi ili vitoe nguvu.

Kazi hiyo ya kuvunja hufanywa na vimeng'enya. Mwili una maelfu yake, na kila kimoja kina kazi yake, kama watu wanaonywesha mifugo kisimani: mmoja yuko chini anachota, mwingine anapokea ndoo, wa mwisho anamimina kwenye hori. Mmoja akikosekana katikati, ndoo zinarundikana mahali pake na ng'ombe hawapati maji.

Kimeng'enya ninachokizungumzia leo kinaitwa glutarili-KoA dihaidrojenesi. Jina ni refu, si lazima mlikariri. Kinafanya kazi ndani ya mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya chembe za mwili. Kazi yake ni hatua moja katika kuvunja asidi amino mbili: lisini na triptofani. Mtoto akizaliwa bila kimeng'enya hicho, au kikiwa dhaifu mno, hatua hiyo inakwama. Taka zinarundikana, hasa asidi iitwayo glutariki. Ubongo hauwezi kuziondoa kwa urahisi, na sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza mwendo wa viungo ndiyo inayoumia zaidi. Ugonjwa huu madaktari huuita glutariki asiduria aina ya 1, kwa kifupi GA1. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 na daktari Stephen Goodman na wenzake huko Colorado, Marekani.

Kwa nini homa na njaa ndizo huwasha moto

Mtu anaweza kuuliza: kama shida ni protini, mbona mtoto haumwi kila siku anapokunywa maziwa? Jibu ni kwamba siku za kawaida taka ni kidogo na mwili unajikokota nazo. Mambo hubadilika mtoto anapougua na kuacha kula.

Mfugaji anajua ng'ombe anavyokonda wakati wa kiangazi. Akikosa majani, anakula mafuta yake mwenyewe, kisha misuli yake. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Akiwa na homa na hali, mwili wake unavunja misuli yake ili upate nguvu. Misuli ni protini. Kwa hiyo lisini inamwagika kwa wingi kutoka ndani, hata kama mtoto hajaonja nyama wala maziwa siku hiyo. Ndoo zinafika kisimani kwa haraka, na yule wa kuzipokea hayupo. Ndani ya saa chache au siku moja, ubongo unaweza kuumia, na sehemu iliyoumia hairudi.

Hatari hii ni kubwa zaidi kati ya umri wa miezi 3 na miaka 3. Mtoto akivuka miaka 6 bila kuumia, hatari hiyo ya ghafla hupungua sana. Ndiyo maana miaka ya mwanzo ndiyo ya kulinda.

Si laana, na si kosa la mama

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kimeng'enya hiki, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzuri hana shida yoyote. Anaishi hadi uzee bila kujua. Baba na mama wote wakiwa na nakala moja mbovu, kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Nafasi hiyo ni ile ile kila mara. Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa haina maana watatu wanaofuata watakuwa salama, na wa kwanza akiwa mzima haina maana wa pili hawezi kuugua.

Wafugaji mtanielewa upesi. Mbuzi weupe wawili wanaweza kuzaa mtoto mweusi. Mwenye mbuzi hasemi jike limelogwa. Anajua rangi hiyo ilikuwa imejificha katika damu ya pande zote mbili, na ameiona siku ile pande hizo zilipokutana. Ugonjwa huu umejificha namna hiyo. Baba ametoa nusu na mama ametoa nusu, na hakuna aliyechagua. Kumfukuza mama kwa sababu ya watoto waliokufa au kulemaa ni kumwadhibu kwa jambo ambalo mume wake amelileta sawasawa na yeye.

Mila yetu Waturkana ya kuoa nje ya ukoo husaidia, kwa sababu watu wa damu moja wana uwezekano mkubwa wa kubeba nakala mbovu ile ile. Lakini haifungi mlango kabisa. Na kwa jamii ambazo binamu huoana, nawaomba mnapopanga ndoa muulize pande zote kama kuna watoto waliolegea au kufa kwa namna hii. Kuuliza si kuvunja heshima.

Waliotutangulia

Afrika haijakosa ugonjwa huu. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2010 ulipima watoto wachanga weusi wa Afrika Kusini na kukuta kwamba takriban mtu 1 kati ya 36 anabeba nakala moja mbovu ya aina moja. Fanyeni hesabu: 36 mara 36 mara 4 ni 5,184. Maana yake ni kutarajia mtoto mgonjwa mmoja katika kila watoto 5,184 hivi. Hesabu hiyo ni ya kwao, siwezi kuibandika Turkana. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba ugonjwa unaweza kuwa mwingi mahali ambapo watu hawakuwa wakiutafuta.

Mfano wa pili unatoka Pennsylvania, Marekani, kwa wakulima waitwao Amish. Hawa hawatumii umeme wa serikali, husafiri kwa magari ya farasi, na huoana ndani ya jamii yao. Kwa miaka mingi walikuwa na watoto waliolemaa baada ya homa, na madaktari walisema ni ulemavu wa wakati wa kuzaliwa. Daktari Holmes Morton alipopima mkojo wa watoto hao alikuta ni GA1. Mwaka 1989 alianzisha kliniki kijijini kwao, karibu na mashamba. Watoto wakaanza kupimwa mara wanapozaliwa. Wazazi wakafundishwa kumleta mtoto mara tu anapougua ili atundikiwe maji ya sukari. Wengi wa watoto waliopatikana mapema wakakua wakitembea na kufanya kazi.

Nawaletea mfano huo kwa sababu walio mashambani ndio walioshinda. Matibabu ya siku ya hatari hayakuhitaji mashine kubwa. Yalihitaji kujua mapema na kufika mapema.

Sisi hapa Turkana

Mwezi wa Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Kenya, KEMRI ikiwemo, na wa Marekani, waliofanya kazi pamoja na jamii yetu. Walisoma jenomu 367. Waliona kwamba kwa maelfu ya miaka miili ya Waturkana imezoea jangwa. Jeni iitwayo STC1 inasaidia figo kutunza maji, na huenda pia inazilinda dhidi ya taka zinazotokana na chakula chenye nyama na damu nyingi. Walieleza kwamba kwa wafugaji, asilimia 70 hadi 80 ya chakula hutoka kwa mifugo.

Utafiti huo haukuwa wa ugonjwa ninaouzungumzia. Nimeutaja kwa sababu unaonyesha kwamba jeni zetu zimetubeba salama katika ukame. Mtu mzima wa Turkana hana haja ya kuogopa maziwa wala nyama. Chakula chetu ni kizuri. Tunachotafuta ni yule mtoto mmoja ambaye mwili wake umekosa kimeng'enya kimoja.

Wengi wenu mna ndugu waliohamia Marekani kutoka Kakuma. Wamewaambia kwamba mtoto akizaliwa huko anachomwa kisigino na damu inadondoshwa kwenye karatasi. Kipimo hicho hutafuta magonjwa mengi ya kurithi, GA1 ikiwa mojawapo. Uingereza iliongeza GA1 katika kipimo chake mwaka 2015. Hapa Kenya bado si kipimo cha kila mtoto. Lakini karatasi ile si ngeni kwetu: akina mama mnaofuata kliniki ya kuzuia maambukizi ya HIV mnaijua. Damu iliyokauka husafiri mbali bila barafu. Daktari akishuku, sampuli ya damu au mkojo inaweza kutumwa Nairobi na hata maabara za nje.

Mambo ya kufanya

Kwanza, mtoto mgonjwa asikae bila kula. Mama aendelee kunyonyesha, mara kwa mara hata kama ni kidogo kidogo. Anayekula apewe uji mwepesi wenye sukari. Akihara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati.

Pili, jueni dalili za hatari: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki. Ukiona moja tu, usingoje asubuhi na usianze kwa mitishamba. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, na mhamasishaji wa kijiji akusaidie kuita ambulensi.

Tatu, ukifika hospitalini sema historia yote. Sema: "Nilipoteza mtoto mwingine hivi hivi," au "Ndugu yake alilegea baada ya homa na hakupona." Maneno hayo mawili matatu yanaweza kubadilisha fikira za daktari kuliko kipimo kingi. Uliza kama sukari ya damu imepimwa. Ni kipimo cha tone moja la damu na dakika chache.

Nne, beba kijitabu cha mama na mtoto. Kliniki, omba kichwa cha mtoto kipimwe kwa utepe na kuandikwa. Kichwa kikubwa kina sababu nyingi, na nyingine ni urithi tu wa familia, lakini kinachokua upesi kinahitaji daktari.

Tano, mkamilishe chanjo. Mtoto mwenye ugonjwa huu anahitaji chanjo zaidi ya wengine, kwa sababu surua, kuhara na nimonia ndizo zinazowasha ule moto. Akipata homa baada ya sindano, mrudishe kituoni.

Sita, jiandikisheni SHA mapema, kabla ya siku ya shida.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Je, nipunguze maziwa na nyama kwa mtoto wangu? Hapana. Hapa kwetu utapiamlo umeua watoto wengi kuliko ugonjwa huu. Ni mtoto aliyepimwa na kuthibitishwa tu ndiye anayepangiwa chakula cha lisini kidogo, na anayepanga ni daktari pamoja na mtaalamu wa lishe. Mtoto huyo hupewa pia dawa iitwayo karnitini, inayosaidia kutoa taka. Maziwa maalumu yasiyo na lisini yapo, lakini ni ghali na huagizwa kutoka nje.

Je, mama mwenye mtoto mgonjwa aache kunyonyesha? Asiache. Maziwa ya mama yana protini kidogo, karibu theluthi moja ya ile ya maziwa ya ng'ombe au mbuzi. Kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine kwa miezi 6, kama tunavyofundisha kila siku, humkinga mtoto huyu pia.

Mtoto ameshalemaa. Kuna faida ya kumpeleka? Ipo. Dawa hupunguza kukaza kwa misuli, mazoezi ya viungo husaidia, na kujua namna ya kumlisha humzuia asipaliwe. Kuthibitisha ugonjwa kwake pia kunaokoa mdogo wake, ambaye atapimwa siku anapozaliwa.

Ndugu zangu walioko ng'ambo wamepigiwa simu mtoto arudishwe kupimwa tena. Waende? Waende siku hiyo hiyo. Simu hiyo haina maana kwamba mtoto lazima ni mgonjwa, lakini kama ni mgonjwa, siku ni chache. Na familia inayosubiri kuhamishwa kutoka Kakuma ikiwa ilipoteza mtoto kwa namna hii, iwaambie madaktari wanaowapima kabla ya safari.

Kwenu wahamasishaji

Ninyi ndio mnaoingia boma kwa boma. Mnapokuta nyumba ambayo watoto wawili au zaidi walikufa au walilegea wakiwa wachanga, andikeni na mpeleke habari kituoni. Mama huyo akipata mimba nyingine, ajulikane na kliniki mapema ili ajifungulie hospitalini na mtoto afuatiliwe tangu siku ya kwanza. Zungumzeni naye kwa upole, na baba awepo. Wazee, ninyi mkisema barazani kwamba jambo hili ni la damu ya pande mbili na si la uchawi, maneno yenu yatafika mahali ambapo yangu hayafiki.

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na kuna vijiji vilivyo mbali zaidi ya hapo. Hatuwezi kufupisha njia kwa leo. Tunaweza kuondoka mapema: saa ile mtoto mwenye homa anapokataa titi, kabla hajalegea.

 Mungu awalinde watoto wetu.